Artemia, moina, kopepodi, rotifa au maji ya bonde: umpe nini kifaranga wa kambare siku ya kwanza ya kula?

Kambare jike wa kilo moja akikamuliwa vizuri hutoa gramu 100 hadi 150 za mayai, na gramu moja ina mayai 600 hadi 700. Ukizidisha unapata mayai zaidi ya 60,000 kutoka kwa mama mmoja. Mtu akikumbuka kwamba wavuvi wa sangara wanatafuta kambare wadogo wa chambo cha ndoano, na wenye mabwawa wanatafuta mbegu, anaona ada ya shule ya watoto imeshapatikana. Siku ya tatu baada ya mayai kuanguliwa ndipo mtihani wenyewe unapoanza. Kiini alichozaliwa nacho kila kifaranga kimekwisha, maelfu ya vinywa yako wazi, na usipokuwa na cha kuwapa, siku chache baadaye utakuwa unafyonza maiti kwa mpira chini ya beseni.

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na wanaoanza kutotolesha huku kwetu Mwanza, kuanzia Luchelele mpaka Kayenze, ni hili: "Kaka, ninunue kopo la artemia au nichote tu maji ya lambo?" Nimejaribu njia zote mbili, na nyingine tatu juu yake. Artemia, moina, kopepodi na rotifa wote ni viumbe wadogo mno wa majini wanaoliwa na vifaranga. Naziweka njia hizo hapa ubavu kwa ubavu ili mwenzangu achague kwa kujua.

Kwanza tuelewane kwa nini chakula hai. Kifaranga wa kambare anapoanza kula ana urefu wa milimita 5 hadi 7 tu, na tumbo lake halijakamilika. Siku hizo za mwanzo hawezi kusaga unga mkavu kama samaki mkubwa, na kitu kisichojongea mara nyingi hata hakigusi. Sato ni tofauti, mtoto wake anatoka kinywani mwa mama akiwa ameshakomaa kiasi cha kulamba unga laini, kwa hiyo ushauri wa jirani anayefuga sato usiuchukue mzima mzima ukaupeleka kwa kambare. Kuhusu kiini cha yai la kuku la kuchemsha, ambacho wengi wanakitumia, nitasema kwa kifupi: vifaranga wanakula kidogo, maji yanakula kingi. Kufikia jioni beseni linanuka.

Sasa twende porini kidogo, kwa sababu jibu lipo huko.

Kambare wa ziwani hataagi ziwani akiwa na chaguo jingine. Mvua zikishuka na mito ikafurika, anapanda kwenye maji mapya yaliyofunika majani. Ningu naye alikuwa akipanda mitoni hivyohivyo kwa makundi makubwa, kabla nyavu za kutega kwenye midomo ya mito hazijampunguza. Aliyepita barabara ya Musoma wakati wa masika akaangalia bonde la Simiyu pale Magu, ameona maji yanavyotanda pembeni ya mto, yanavyobaki kwenye vidimbwi kati ya matete baada ya mto kurudi kitandani mwake, na ng'ombe wanavyoingia kunywa. Yule kambare anakwenda huko kwa sababu ya karamu itakayoandaliwa siku chache baada ya mayai yake kuanguliwa.

Karamu inaandaliwaje? Udongo uliokauka miezi mitano una samadi, majani makavu, na mayai ya viumbe wadogo yaliyolala yakisubiri maji. Mafuriko yakiingia, mbolea inayeyuka, bakteria na mwani wanaongezeka mpaka maji yanageuka rangi. Wa kwanza kujitokeza ni rotifa, kwa sababu vizazi vyao vinapishana kwa siku moja au mbili tu. Baada yao, kwenye wiki ya kwanza kwenda ya pili, wanajaa moina na ndugu zao, wale wanaoitwa viroboto wa maji. Kopepodi wanakomaa nyuma yao, na mwishoni wanaingia wadudu wanaowinda: buu wa kereng'ende na wengineo. Mpangilio huu hauko kwetu tu. Mwaka 1989 Wolfgang Junk na wenzake, walioifahamu sana Amazoni, walieleza kwamba uhai wa mito ya namna hii unaendeshwa na mapigo ya mafuriko, kupanda na kushuka kwa maji kila mwaka. Mabonde ya Amazoni, ya Paraná na ya Okavango yana spishi zake, ila mafuriko yanafanya kazi ileile.

Ziwa lenyewe ni habari nyingine. Ukivuta wavu mwembamba kwenye maji ya wazi ya Ghuba ya Mwanza, utakachopata kwa wingi ni kopepodi, hasa wale wa jamii ya saiklopsi. Moina na wenzake wako wachache. Dagaa na furu wanawinda kwa macho, na kiumbe mnene anayeogelea kwa kurukaruka polepole ndiye wa kwanza kuliwa. Kopepodi anachomoka ghafla kama jiwe la manati, kwa hiyo anabaki. Wavuvi wa dagaa wanajua bila kusomea: taa zikiwashwa juu ya maji usiku, wadudu hao wanapanda, na dagaa wanawafuata.

Kwa hiyo mtu akikwambia "zooplanktoni (yaani viumbe hawa wadogo wa majini) ni zooplanktoni, chota popote", usimkubalie. Maji ya ziwa, maji ya bonde wiki ya kwanza, na maji ya bonde wiki ya tano ni vyakula vitatu tofauti.

Artemia

Huyu si wa kwetu. Ni mtoto wa maziwa ya chumvi, na mayai yake makavu kwenye makopo mengi duniani yanatoka Great Salt Lake kule Utah, Marekani. Uzuri wake ni uhakika. Unaweka chumvi gramu 25 hadi 35 kwa lita ya maji, joto nyuzi 26 hadi 28, hewa ikichemka kwa nguvu, mwanga wa taa, na baada ya saa 24 una mabuu ya nusu milimita hivi, rangi ya chungwa, saizi ya kinywa cha kifaranga wa kambare kabisa. Gramu moja ya mayai mazuri hutoa mabuu 200,000 au zaidi. Tuseme una vifaranga 10,000 na kila mmoja apate mabuu 100 kwa siku: ni milioni moja, yaani gramu 5 za mayai. Nimepiga hesabu hii makusudi kwa sababu watu wengi wanaliogopa kopo kwa bei yake bila kuuliza litalisha wangapi. Kwa anayetotolesha kidogo na mara chache, kopo linaweza kutosha misimu kadhaa.

Ila lina masharti. Likishafunguliwa linavuta unyevu, na unyevu wa pwani ya ziwa hauna huruma. Mayai yaliyokuwa yanaanguliwa tisa kwa kumi yanashuka mpaka nusu bila wewe kujua. Lihifadhi limefungwa kwa nguvu ndani ya friji, mbali na mvuke wa jikoni. Umeme ukikatika saa sita za usiku na pampu ya hewa ikanyamaza, asubuhi chupa ina supu. Magamba ya mayai lazima uyatenge: zima hewa, weka mwanga chini ya chupa, magamba yaelee juu na mabuu yashuke, ndipo ufungue koki ya chini. Kifaranga akimeza magamba yanaweza kuziba utumbo. Jambo la mwisho, artemia kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, haimalizi siku hai, kwa hiyo unalisha kidogo kidogo mara nyingi, mchana na usiku, na unachosahau ndani kinaoza.

Maji ya bonde na malambo

Hii ndiyo inayoonekana ya bure. Ndoo, chujio, na asubuhi ya mapema kwenye lambo la ng'ombe au kidimbwi kilichoachwa na mto. Saa kumi na mbili, kabla jua halijachoma, utawaona moina wamejikusanya juu kama wingu la waridi. Wekundu ule una maana. Maji yakikosa hewa, moina anatengeneza hemoglobini, ileile inayofanya damu yetu iwe nyekundu, na ndiyo inayomwezesha kuishi kwenye maji yaliyochafuka samadi. Ukiliona wingu lile umepata mali.

Lakini humo ndani hakuna moina peke yake. Ndoo moja ya bonde ina mayai ya samaki wa porini, viluwiluwi, mende wa maji, buu wa kereng'ende, na saiklopsi wakubwa. Mara ya kwanza nilimimina ndoo ya namna hiyo moja kwa moja kwenye beseni la vifaranga wa siku nne, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi niliwakuta wengi wamelala chini, mapezi yametafunwa. Kosa lilikuwa langu, sikuchuja, na bado linaniuma nikikumbuka jinsi walivyokuwa wazima jana yake.

Kuna la hatari zaidi, nalo linakuhusu wewe na siyo samaki. Fukwe na vidimbwi vya kanda hii vina kichocho. Kila unapoingia na miguu mitupu kwenye maji yenye konokono, unajiweka hatarini. Vaa buti ndefu na glavu, au chota ukiwa ukingoni kwa ndoo ya kamba, na usitume watoto. Kwenye matete ya mto angalia pia mamba na kiboko. Na majaluba ya mpunga, hata kama yana moina tele, yaache ikiwa shamba hilo au la pamba lililo juu yake limepigwa dawa ya wadudu. Viroboto wa maji ni wepesi kufa kwa sumu hizo kuliko karibu kiumbe yeyote utakayemwona pale. Lambo lililokuwa na wingu jekundu juzi na leo liko kimya linakuambia kitu.

Kwangu mimi maji ya bonde ni duka la mbegu. Nachota mara moja, nachuja, nakwenda kuzalisha nyumbani. Kuyategemea kila siku ni kumlisha mtoto kwa bahati.

Rotifa

Ni wadogo mno kwa kambare. Rotifa wa maji baridi wanaofugwa zaidi, Brachionus calyciflorus, wana maikroni 100 hadi 300 (maikroni 1000 ni milimita moja), na kifaranga wa kambare anaweza kumeza mkubwa kuliko huyo tangu siku ya kwanza. Atamla, ndiyo, lakini atachoka kwa kufukuza punje wakati angepata tonge. Wafae wenye samaki wa vinywa vidogo. Kwenye bwawa la kulelea ukiwakuta siku za mwanzo usiwatoe, wanakuambia kwamba maji yameanza kukolea na moina yuko njiani.

Kopepodi

Kwa thamani ya chakula ni wazuri sana, na watoto wao wachanga ni laini na wadogo. Tatizo ni kuwapata wakati unaowahitaji. Moina jike anazaa bila dume, kopepodi anahitaji dume na jike, kisha mtoto wake anabadilika mara sita akiwa bado kibuu, mara tano nyingine akiwa kijana, ndipo anakuwa mzima. Hiyo kwa joto letu ni kama wiki mbili. Na akishakuwa saiklopsi mkubwa anageuka mwindaji, anamng'ata kifaranga mchanga. Tena ndiye anayebeba hatua za mwanzo za minyoo ya samaki. Yule mnyoo mweupe bapa anayekutwa tumboni mwa dagaa wa ziwa letu, Ligula, huanzia ndani ya kopepodi. Kwa sababu hizi siwatafuti kopepodi. Wakija wenyewe kwenye bwawa vifaranga wakiwa wameshafika sentimita mbili, wanaliwa vizuri na hawamdhuru mtu.

Moina

Huyu ndiye ninayemtetea, na sababu si mapenzi tu.

Mtoto wa moina anapozaliwa hafiki maikroni 400, yaani ni mdogo kidogo kuliko artemia aliyeanguliwa sasa hivi. Mama yake anakaribia au kupita milimita moja. Tangi moja la moina kwa hiyo lina chakula cha siku ya kwanza na chakula cha siku ya kumi pamoja. Kifaranga anakua, anahamia kwenye saizi inayofuata ndani ya beseni lilelile. Nusu ya uzito wake mkavu ni protini. Moina mzima ana mafuta asilimia 20 hadi 27, watoto wana asilimia 4 hadi 6 tu, kwa hiyo jitahidi kila chujio liwe na mama na watoto. Na tofauti kubwa na artemia: moina ni wa maji baridi. Asipoliwa saa hii ataliwa usiku, bado anaogelea, bado anakula uchafu wa beseni.

Anazaa akiwa na siku nne hadi saba, kisha kila baada ya siku moja na nusu au mbili anatoa watoto wengine, kuanzia wanne mpaka ishirini na ushee. Anapenda nyuzi 24 hadi 31. Hilo ni joto la Mwanza, hakuna hita ya kununua.

Namna ninavyomfuga. Natumia matangi ya lita 500 hadi 1000 yaliyokatwa juu, kina cha maji sentimita 40 hadi 50, chini ya kivuli chepesi. Maji ya bomba nayaacha wazi siku mbili dawa itoke. Samadi ya kuku iliyokauka naifunga kwenye kiroba na kuitumbukiza kama majani ya chai, ili nikiona maji yanazidi kukolea niitoe mara moja. Ukiwa na haraka, hamira ya mkate inafanya kazi: gramu 2 au 3 kwa lita 100 zinatosha kuanzia. Ukizidisha, bakteria wanamaliza hewa, na hata moina mwenye damu nyekundu ana mpaka wake. Maji yakigeuka kijani au rangi ya chai nzito, kwenye siku ya tatu au ya nne, naweka mbegu, moina kama 25 kwa kila lita. Ndani ya siku tano hadi kumi wanafika kileleni.

Kuchuja kuna ngazi mbili. Kwanza kipande cha chandarua kikuukuu, ambacho tundu lake ni zaidi ya milimita moja: moina wanapita, wadudu wakubwa na majani wanabaki. Halafu kitambaa cha skrini wanachotumia wachapaji wa fulana, chenye tundu la maikroni 100 hadi 150: moina wanabaki, maji na rotifa wadogo wanapita. Saiklopsi wengine watakaa na moina, lakini ukianza na mbegu safi tangini wanakuwa wachache. Mbegu safi maana yake umekaa na sahani nyeupe na kidude cha kudondoshea dawa ya macho, ukachagua moina mmoja mmoja, hata mia mbili tu. Ni kazi ya jioni moja na inakuokoa mwezi mzima.

Kila siku vuna robo, usizidi. Anayevuna nusu leo kwa tamaa, kesho kutwa anakuja kwangu kuomba mbegu. Na usiwe na tangi moja. Matangi ya moina yanaanguka ghafla, leo tele na kesho kimya, na huwezi kujua lipi litaanguka. Mimi nina matatu yaliyopishana siku nne nne. Maji yakiharibika au baridi ikiingia, majike yanaanza kutoa mayai magumu meusi ya kulala, yaleyale yanayosubiri mvua bondeni. Usiyamwage. Yakaushe pamoja na tope la chini, yafunge kwenye karatasi, ni akiba ya mbegu bila friji.

Ubaya wake? Unahitaji macho ya kila siku. Kopo la artemia linaweza kukusubiri rafuni, moina hawezi. Na kama huna kivuli, au maji yako ni ya kununua kwa dumu, hesabu yake inabadilika.

Nani achague nini

Mwenye umeme wa uhakika au betri ya kuendesha pampu, friji, na anayetotolesha mara mbili tatu kwa mwaka, achukue artemia na asione aibu. Ni safi, haiji na saiklopsi wala minyoo ya bondeni. Mwenye nafasi ya matangi, samadi karibu, na anayetaka kutoa vifaranga kila mwezi, amfuge moina, kisha anunue artemia kidogo tu ya dharura, ya siku ambayo matangi yote yameanguka kwa pamoja. Mwenye bwawa la udongo na hana beseni wala pampu, alikaushe, alipige chokaa, aliweke samadi, alijaze maji aliyoyachuja, na kuwaingiza vifaranga siku zile moina wanapoanza kujaa. Akichelewa mpaka wiki ya nne, atawaingiza kwenye kundi la wadudu wanaowinda. Vyuo havijakaa mbali nasi: wakala wa elimu ya uvuvi wana kampasi Nyegezi, na taasisi ya utafiti wa uvuvi nayo ina kituo huko. Ukiwa na sahani ya moina usiyemfahamu, wapo watu wa kumtazama kwa hadubini.

Chochote utakachochagua, saa ya kuanzia si siku vifaranga wanapofungua kinywa. Kalenda yangu inarudi nyuma. Tuseme namchoma mama sindano ya tezi, ile ya kumfanya aachilie mayai, Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi anakamuliwa, usiku wa Jumapili wameanguliwa, na Jumatano wanaanza kula. Ili Jumatano hiyo tangi liwe kileleni, samadi lazima iwe imeingia majini wiki mbili kabla yake, na tangi la pili siku nne baadaye. Ijumaa ile, kabla sijagusa sindano, nachota glasi moja ya maji kwenye tangi la kwanza na kuishika mbele ya jua. Nikiona moina wanakatizana humo ndani mpaka siwezi kuwahesabu, nampigia simu kijana wangu alete majike. Nikiona kumi tu, majike wanabaki bwawani mpaka wiki ijayo.